Gesti za Silibwet Haziko Kwenye Ramani

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya lugha za programu tuzungumze kuhusu kulala. Ndiyo, kulala.

Mtu akisema anataka kutembelea mji wa kale wa viwanda, akili zetu hukimbilia Uingereza. Manchester na pamba zake, au Ironbridge yenye daraja la chuma lililojengwa mwaka 1779, ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Hapo jirani, Coalport, msafiri asiye na pesa nyingi kwa miaka mingi aliweza kulala katika hosteli ya vijana iliyokuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha vyombo vya kauri. Wazo zuri sana, nalipenda. Lakini huku Kericho na Bomet tunao mji wetu wa viwanda, ila hatuuiti hivyo kwa sababu umefunikwa na majani.

Fikiria kidogo. Jani la chai likishachumwa halingojei, huanza kuharibika. Ndiyo maana kiwanda hujengwa karibu na shamba, na ndiyo maana viwanda vyetu havikurundikana mahali pamoja kama Manchester, bali vimetawanyika vilimani: Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na vinginevyo. Jani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa libadilike rangi, kisha hukaushwa kwa joto la tanuri la kuni. Kilo nne na kitu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920. Wakulima wadogo walipata mamlaka yao, KTDA, mwaka 1964. Hiyo ni historia ya viwanda kamili, pamoja na machungu yake. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamishia Watalai Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliosema zinawala kazi. Waliosoma habari za wafumaji wa Nottingham waliovunja mitambo mwaka 1811 watatambua wimbo huo. (Sisi tunaoandika programu tusicheke, zamu yetu imefika.)

Basi mgeni alale wapi? Vitabu vya watalii vilizoea kumtaja Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, vikaishia hapo. Mimi nilijaribu kutafuta chumba Silibwet kwenye tovuti moja kubwa ya kukodi vyumba. Ikaniletea kambi za Maasai Mara! Bei ya usiku mmoja ingenilipia kodi ya nyumba. Nikaenda hivyo hivyo: Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet, kisha matatu ya mwisho. Nikatembea kwa miguu dakika kumi na kupata gesti kadhaa. Nililala kwa shilingi 800, maji ya moto kwa ndoo, chai ya maziwa asubuhi, nikalipa kwa M-Pesa. Kitanda kilikuwa safi. Kwa tovuti ile, kitanda hicho hakikuwapo duniani.

Utasema watalii wa Silibwet ni wangapi. Wachache, nakubali. Lakini jioni ile mezani sikukaa na watalii. Nilikaa na dereva wa lori la majani na mzee aliyetoka mbali kumleta mkewe Tenwek, hospitali iliyoanza mwaka 1937 na ambayo leo hupasua hadi moyo. Mgonjwa ana kitanda chake wodini, aliyemleta hana. Mzee alikuwa amefika saa tatu usiku akimuuliza kila bodaboda pa kulala, katika mji asioujua, na pesa za matibabu zikiwa mfukoni. Huyo ndiye mtumiaji wetu, jamani. Ndiye anayehitaji ramani.

Najua wenzangu wa kompyuta. Wakisikia hivi wanataka kutengeneza programu mpya, na kamisheni juu. Mimi napinga. Asilimia 15 ya shilingi 800 ni shilingi 120, na mwenye gesti akitozwa hizo atampandishia nani bei kama si yule mzee? Kazi hii haihitaji kampuni. OpenStreetMap ipo tangu mwaka 2004, ni ya wote, na vijana wa Kibera waliichora mitaa yao humo mwaka 2009 wakati ramani rasmi hazikuwa na kitu. Ukishaweka gesti humo, mtu anaweza kuiona kwenye OsmAnd hata simu ikiwa haina bando, mradi aliipakua ramani mapema.

Ninachoomba ni kidogo. Ukilala mahali pa bei nafuu, muulize mwenyewe kama anakubali, kisha weka jina, namba ya simu ya biashara na saa ya kufunga geti. Saa ya geti ni muhimu kuliko picha. Bei usiandike, hubadilika na itazua ugomvi mlangoni.

Mimi nimeanza na tatu. Wenye gesti wawili walikubali papo hapo. Wa tatu, mama mmoja mchangamfu, aliniuliza kwanza, "Kijana, na watu wa kodi wataiona hiyo ramani?" Nikamwambia ukweli: wataiona. Bado anafikiria.