Fundi, Taa za Lori na Kasumba ya Boksi

Iko kasumba moja ambayo haijatutoka hata leo. Ni ile ya kuamini kwamba kifaa chochote chenye skrini hakina budi kutoka ng'ambo kikiwa kimefungwa katika boksi, na kwamba kazi ya Mtanzania ni kukibonyeza mpaka kiharibike. Napenda kuijadili kasumba hiyo kwa mfano mdogo: skrini ya kugusa ambayo fundi anaweza kuiunda kwa mikono yake ili kuwasha na kuzima taa za ziada za lori.

Huenda ndugu msomaji akauliza taa za lori zina uzito gani katika ujenzi wa taifa. Mkazi wa Kigoma hataliuliza swali hilo, kwa sababu mkoa huu umeishi kwa taa. Wavuvi wa dagaa wa zamani walikoka moto wa kuni katika mitumbwi na kuchota samaki kwa lusenga. Baadaye ikaja karabai ya mafuta ya taa, na katika miaka ya karibuni taa za LED, za betri na za nguvu za jua, zimekuwa zikishika nafasi ya karabai. Simama Ujiji au Katonga usiku usio na mbalamwezi, utaona ziwa limewaka kama mji. Dagaa hao wakishakauka hupakiwa katika malori, na malori hayo, pamoja na yale ya chumvi ya Uvinza, hukata mapori marefu ambamo ng'ombe aliyelala barabarani haonekani mpaka gari limemfikia. Dereva anayefunga taa za ziada hatafuti urembo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Malori mengi makubwa hutumia umeme wa volti 24. Taa nne za wati 70 kila moja ni wati 280, maana yake ni karibu ampia 12. Bodi ndogo ya kompyuta ambayo vijana wetu hujifunzia, kama ile ya Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, hutoa katika kila mguu wake miliampia 20 hivi. Ukiiunganisha na taa moja kwa moja itaungua kabla hujafunga mlango wa gari. Kwa hiyo bodi huamuru transista, transista huamsha rilei, na rilei ndiyo inayobeba mzigo. Sambamba na koili ya rilei huwekwa daiodi, kwa sababu koili inapozimwa hutema umeme wa kurudi unaoweza kuiua transista. Fyuzi hukaa karibu na betri, wala si karibu na taa, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto. Juu ya yote hayo ndipo huja skrini, ambayo yaweza kuwa simu iliyochakaa inayozungumza na bodi kwa bluetooth.

Mtu akiufahamu mpango huo ataona kwamba skrini ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Wala si uchawi wa jana. Mwingereza E. A. Johnson alieleza skrini ya kugusa mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Azimio la Arusha. Tumekuwa na muda wa kutosha wa kuizoea.

Wapo watakaosema kwamba swichi ya kawaida ingetosha. Ni kweli, ingetosha, na katika mtumbwi mimi mwenyewe ningeshauri swichi. Skrini za simu za siku hizi huhisi jinsi kidole kinavyobadilisha chaji ya umeme kwenye kioo. Zikilowa maji hubabaika, zikapokea amri ambayo hakuna aliyeitoa. Mvuvi anayetaka kupunguza mwanga hatua kwa hatua, ili dagaa wakusanyike juu ya wavu, hawezi kubahatisha kwa kidole kinachochuruzika maji ya ziwa. Iko aina ya zamani ya skrini inayohisi mgandamizo, ambayo hukubali kidole chenye maji na hata ncha ya kijiti. Lakini nani amemweleza fundi wa Kibirizi tofauti hiyo?

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwanafunzi wa sekondari hukariri kanuni ya Ohm, akafaulu mtihani, akamaliza shule bila kushika rilei hata moja. Upande wa pili wa barabara yuko fundi anayeshika rilei kila siku na ambaye hajapata kukokotoa unene wa waya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, aliikosoa shule iliyojitenga na maisha ya jamii inayoizunguka. Sisi walimu tuliitafsiri kuwa ni jembe na shamba la shule, tukaridhika. Fundi wa taa hatukumhesabu.

Hata hivyo tusimsifu fundi kwa sababu tu ni wa kwetu. Taa ya ziada iliyoelekezwa juu humpofusha dereva anayekuja, na katika barabara nyembamba sekunde mbili za upofu ni mauti. Tena taa kuu za gari zisipitishwe kamwe katika kifaa cha kujiundia. Skrini ikiganda kwenye kona usiku, dereva lazima abaki na swichi yake ya asili inayofanya kazi. Askari wa usalama barabarani anayekataa gari lililokiuka mambo hayo anatekeleza wajibu wake. Ninayemlaumu ni mkubwa wa ofisini anayekataa kila waya alioufunga fundi wa mtaani, lakini hauulizi lolote waya uleule ukija ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni.

Magari ya Nyumbu yaliundwa Kibaha na Watanzania katika miaka ya 1980. Hayakuenea sokoni, lakini waliyoyaunda hawakuomba ruhusa ya kasumba kwanza. SIDO ipo tangu 1973, VETA tangu 1994, na zote mbili zinafanya kazi Kigoma. Zikikaa meza moja na wakaguzi wa magari zinaweza kuandika ukurasa mmoja wa masharti: fyuzi mahali pake, waya wa unene unaofaa, taa kuu zisiguswe, taa za ziada zizimike zote kwa swichi moja ya mkono, na mwanga uelekezwe chini. Fundi alete kazi yake, ipimwe mbele yake, aambiwe kilichopungua, na apewe karatasi ikifaulu. Na mwalimu wa fizikia awalete wanafunzi wake siku hiyo ya upimaji, kila mmoja na daftari lake, wakokotoe ampia za lori lililo mbele yao.