Kabla ya kununua betri mpya, kilichoua ya zamani kijulikane

MKOA wa Singida umejaliwa jua la kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tangu mwaka 2016, umepitiwa pia na njia kuu ya umeme ya kilovoti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma.

Hata hivyo, wafanyabiashara wengi hawajasahau mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Ndiyo maana wapo wanaounganisha umeme wa TANESCO na sola yenye betri, ili friji na taa za duka zisizimike.

Huo ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba mtambo unapogoma, lawama zote huangukia betri. Fedha za alizeti au vitunguu hutolewa, betri mpya hununuliwa, na baada ya miezi michache mwenye duka hujikuta pale pale. Mara nyingi betri haikujifia, bali iliuawa.

Wapo wanaoshangaa umeme wa TANESCO unapokatika mchana nao wakakosa umeme, ilhali paneli zao zinapigwa na jua. Hiyo si lazima iwe hitilafu. Inveta iliyounganishwa na gridi hutengenezwa ili iache kupeleka umeme kwenye nyaya za nje gridi inapozimika, isije ikamdhuru fundi aliye juu ya nguzo.

Ili duka liendelee kupata umeme, inveta iwe ya aina inayotumia betri, na vifaa muhimu viunganishwe upande wake wa akiba. Kama friji imefungwa upande wa gridi pekee, hata betri kumi hazitaiwasha.

Ukaguzi uanzie juu, kwenye paneli. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu na vumbi hutanda. Paneli zifutwe asubuhi kabla hazijapata moto, na tawi la mwarobaini linalotia kivuli likatwe.

Kisha ifuatwe betri. Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7. Ikiwa haifiki hapo hata baada ya siku kadhaa za jua kali, kasoro itafutwe kwanza kwenye chaji: waya mwembamba, fyuzi iliyoungua, kichwa cha betri kilicholegea au chenye ukungu mweupe, au inveta iliyopangiwa aina nyingine ya betri. Ikiwa inajaa vizuri lakini inaporomoka mara taa chache zinapowashwa, hapo ndipo betri yenyewe ishukiwe.

Maji yakipungua, yaongezwe maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi, si asidi wala maji ya kisima.

Muuaji mwingine ni matumizi makubwa. Betri ya volti 12 na saa-ampea 200 hubeba wati-saa 2,400, na isishushwe chini ya nusu. Zinazobaki ni 1,200. Vifaa vya wati 200 vitakwenda kama saa tano, kwa kuwa inveta nayo hula kidogo. Vya wati 1,000 havitamaliza hata saa nzima na kidogo. Anayeongeza friji ya pili bila kuongeza paneli na betri anaua mtambo wake mwenyewe.

Kwa usalama, kabla ya kugusa nyaya, swichi za TANESCO, paneli na betri zizimwe zote, na moto usisogezwe karibu na betri. Paneli huendelea kutoa umeme maadamu jua lipo, hivyo kazi ya kufungua nyaya aachiwe fundi mwenye ujuzi.

Wauzaji nao wana wajibu. Si haki kumkabidhi mteja mtambo wa mamilioni ya shilingi bila mchoro wa nyaya na maelezo ya Kiswahili ya namna ulivyopangwa. Mnunuzi adai vitu hivyo kabla ya kumaliza malipo.

Mita ndogo ya kupimia volti ni rahisi kuliko betri. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.