Ulinzi wa Wanyamapori si Bunduki Pekee

Wapo wazazi, na hata walimu, waaminio kwamba kazi ya wanyamapori ni ya kijana mwenye miguu myepesi na shabaha nzuri. Aliye hodari wa biolojia huelekezwa kwenye udaktari. Aliyeshindwa huambiwa aende porini. Fikra hizo ni mabaki ya enzi ya Bwana Nyama wa kikoloni, na hapana budi zikomeshwe.

Serengeti yatosha kuwa funzo. Mwaka 1961 nyumbu wa huko walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Ongezeko hilo halikuletwa na risasi. Ndama wa nyumbu walikuwa wakiuawa na sotoka, maradhi ya ng'ombe. Mifugo ya kandokando ya hifadhi ilipochanjwa, maradhi yakatoweka kwa nyumbu pia. Nyumbu walipozidi, walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulipungua. Na moto ulipopungua, miti michanga ilipata nafasi ya kukua. Sindano ya ng'ombe ikazaa miti! Kuujua mnyororo huo ndiyo elimu ya ekolojia, na mwenye elimu hiyo ndiye awezaye kulishauri taifa.

Ni kweli kwamba ujangili upo, na askari wa wanyamapori anastahili heshima na zana. Lakini askari hulinda kile ambacho mtaalamu amekwisha kukihesabu na kukielewa.

Mwalimu Nyerere alilitambua jambo hilo mapema. Katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961 alieleza kwamba hifadhi yahitaji ujuzi maalumu na watu waliofunzwa. Chuo cha Mweka kikafunguliwa mwaka 1963. Leo masomo hayo yapo pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Sokoine, Morogoro. Njia imekwisha kufyekwa. Wanaotakiwa ni wapitaji.

Basi mwalimu na asimwelekeze porini mwanafunzi aliyeshindwa, bali aliye makini. Nao wakuu wa ofisi wakumbuke kwamba mtaalamu aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima, kisha akafungiwa mjini kupanga mafaili, ni hasara mara mbili: fedha zimepotea, na pori limebaki bila macho.