Saratani Ikirudi, Mgonjwa Ana Haki ya Daktari wa Pili

Mhariri,

Saratani inapomrudia mama au baba, familia nyingi za Malakisi husita kutafuta daktari wa pili zikihofia kumuudhi wa kwanza. Zisihofu. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Haki za Wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013.

Mabingwa wa saratani wapo Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Jamaa asimpeleke mgonjwa mikono mitupu: abebe picha za skani, orodha ya dawa alizotumia, na kipande cha uvimbe ambacho maabara huhifadhi ndani ya nta. Uvimbe uliorudi huenda umebadilika, hivyo aulize kama upimwe upya.

Hospitali za Bungoma na Kitale nazo zimpe mgonjwa nakala ya faili lake bila kumzungusha.

Msomaji,
Malakisi, Bungoma