Mwanafunzi wa Kompyuta Si Fundi wa Kijiji

Pale Nungwi, mwendo mfupi kutoka hapa kwetu Kendwa, wapo mafundi wa majahazi. Sijapata kumsikia mtu aliyewaendea akawaambia wamgongomee kisigino cha kiatu, ati kwa kuwa kiatu nacho kina misumari. Tena ukitaka jahazi unalipa, na kijana anayejifunza kushika keekee haondolewi kazini akamtengenezee mtu kitanda bure. Ufundi ule tunauheshimu kwa sababu tunauona.

Lakini kijana akisomea kompyuta chuoni, heshima hiyo hana. Mjukuu wangu hurudi kwa daladala kutoka Mjini siku ya Ijumaa, na kabla hajavua viatu hodi zimeanza. Huyu simu yake imejaa picha, haiendi. Yule king'amuzi chake kimepoteza stesheni na mpira unakaribia kuanza. Mwenye duka amesahau neno lake la siri. Mwenye nyumba ya wageni kule pwani, anayelaza watu kwa dola, anataka mtandao wake uangaliwe "mara moja tu, mwanangu". Hiyo mara moja humaliza Jumamosi nzima, na malipo yake ni "ahsante, Mungu akujaalie".

Nami simo nje ya kundi hilo. Usiku mmoja nilimpigia simu akiwa dakhalia, kwa sababu herufi za simu yangu zilikuwa ndogo mno na macho yangu ni ya mzee. Saa nzima akinielekeza, "Babu, bonyeza penye alama ya gurudumu," nami nikibonyeza penginepo. Hakuniambia kuwa asubuhi ana mtihani wa hesabu. Nilikuja kujua ilipombidi aurudie.

Kusomea kompyuta si kutengeneza simu. Anachosoma ni hesabu, na mantiki, na kuandika programu mstari kwa mstari, ambapo nukta moja ikikosewa kitu kizima hakiendi. Kazi hiyo inataka akili iliyotulia, na utulivu ndio tunaomnyima.

Watanijibu kuwa kusaidiana ni mila yetu. Naam. Nilipokuwa nasomea ualimu Chuo cha Nkrumah, Beit el Ras, nikija likizo mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua wa kijiji. Niliwaandikia watu barua za kwenda Tanga, Mombasa, hata Maskati. Lakini barua ilinichukua robo saa, na asubuhi nilikuta pweza ametundikwa mlangoni. Aliyeandikiwa alijua kuwa amechukua kitu changu. Siku hizi tunachukua na wala hatujui kuwa tumechukua.

Kisha vijana hawa wanapoacha masomo, barazani tunatikisa vichwa: vijana wa leo hawana subira! Darasa la mjukuu wangu lilijaa mwaka wa kwanza; mwaka wa tatu viti vya nyuma ni vitupu. Nilimuuliza wenzake wamekwenda wapi. Mmoja hakuwa na kompyuta yake, akingoja wenziwe walale ndipo aazime. Mwengine baba yake aliugua, akaja huku kwetu kupokea wageni hotelini, na mshahara wa kwanza ukamziba njia ya kurudi. Waliobaki wengi walishindwa na hesabu, na hapa ndipo ninapotaka kusema na walimu wenzangu.

Hesabu hizo hawakushindwa nazo chuoni. Walishindwa nazo katika skuli zetu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilitaka hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, nasi tulioambiwa tufundishe hivyo, wengi wetu Kiingereza chenyewe kilikuwa kikitupiga chenga. Mtoto akakariri, mwalimu akatia alama ya vyema, mzee akafurahi.

Na kompyuta? Umeme unaotoka Bara ulipokatika, Unguja ikakaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilifundisha kompyuta kwa chaki. Nilichora mashine ubaoni, watoto wakainakili. Giza lilikuwa udhuru mzuri. Lakini umeme uliporudi niliendelea na chaki yangu, kwani kompyuta nne tulizopewa msaada zilikuwa ofisini mwangu, zimefunikwa kitambaa, ufunguo nao mfukoni mwangu, nikichelea watoto wasije wakaziharibu. Zikaharibika zenyewe kwa hewa ya chumvi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezigusa.

Walimu wakuu wa namna yangu tulikuwa wengi. Leo tunamwita mvivu kijana aliyewekewa mikono juu ya kompyuta kwa mara ya kwanza chuoni, ndevu zimeshamuota, akatakiwa aende sawa na aliyekulia nayo nyumbani. Huyo hakukosa subira. Alichelewa, na waliomchelewesha tunajijua.

Jumamosi iliyopita mwenye nyumba ya wageni alimtuma mtoto.

"Shikamoo, babu. Nimetumwa. Kaka yupo?"

"Marahaba. Yupo, anasoma. Mwambie aliyekutuma kuwa mafundi wako Darajani, na huko watu hulipa."

Mtoto hakuondoka. Akakuna kichwa.

"Lakini babu, kasema ni mara moja tu."

Nikafunga mlango.