Jitu Lile Halikufuata Chakula

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu jitu la hadithi fupi "Tumbo Lisiloshiba" ni nini. Atajibu upesi: "Ni jazanda, mwalimu." Hupewa alama yake, akaketi. Nafundisha Kiswahili huku Ndabibi, chini ya vilima vya Eburru, na jibu hilo haliniridhishi hata kidogo.

Hadithi hiyo ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, ilisomwa na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, kabla ya diwani ya Mapambazuko ya Machweo kushika zamu. Jitu la miraba minne linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, katika mtaa wa mabanda wa Madongoporomoka. Linakula chakula chote kilichopikwa, kisha linaahidi kurudi kesho. Kesho yake yanakuja mabuldoza.

Darasani mimi huiacha kwanza tamathali ya usemi, nikauliza: chakula kile kilipikiwa nani? Kimya. Halafu mmoja husema, "Kilikuwa cha watu wa hapo." Basi hadithi imefunguka. Jitu halikufuata chakula. Lilikuja kuonja mahali litakapomeza. Sahani zinazofagiliwa leo na vibanda vitakavyobomolewa kesho ni dhuluma moja, na dhamira ya hadithi imo tayari katika kila tonge.

Wapo wanaosema mwandishi ametia chuku, maana hakuna mtu anayeweza kumaliza chakula cha mkahawa mzima. Nawaambia wasome ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria nchini Kenya: misitu, viwanja vya barabara, mashamba ya serikali. Mtu mmoja alijipatia ardhi asiyoweza kuilima maisha yake yote. Mbele ya ripoti hiyo, mlafi wa hadithi anaonekana mwenye kiasi.

Watoto wa hapa hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Ndabibi yenyewe ilikuwa shamba la shirika la serikali, ADC, kabla ya kukatwa vipande. Nyumbani wanasikia habari za vigingi, mipaka na hatimiliki kabla hawajajua kusoma. Kuwapa orodha ya tashbihi, istiara na tashihisi wakariri, bila kuwaacha waitazame ardhi iliyo chini ya miguu yao, ni kuwanyima hadithi iliyo yao.

Majina ya tamathali yana kazi yake, nami nayafundisha. Lakini yaje baada ya swali la haki: nani anakula, anakula cha nani, na nani analala njaa? Walimu wenzangu, tuanzie hapo. Nanyi watahini, tungeni maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu kwa neno moja la kukariri.