Negativu tatu sio kupona

Hapa Dzaleka neno "negativu" tumelizoea. Unapima malaria, unaambiwa negativu, unarudi nyumbani unacheka. Ukimwi vilevile. Sasa mama anarudi kutoka Lilongwe na karatasi ya kipimo cha ziwa, anamwita kijana wa jirani anayejua Kiingereza amsomee. Kijana anaona negativu, negativu, negativu, mistari mitatu imefuatana. Unadhani atasema nini? "Mama, Mungu ni mwema, hauna kitu."

Jamani, hapo mtu anaweza kupoteza maisha.

Ile mistari mitatu haiulizi kama kansa ipo. Swali hilo limeshajibiwa juu zaidi, pale kwenye maneno magumu ambayo wengi tunayaruka. Mistari mitatu inauliza kansa hii ni ya aina gani: inalishwa na homoni ya estrojeni? Na projesteroni? Ina protini ya HER2 kwa wingi? Estrojeni ikiwa positivu, kuna vidonge vya kuizuia, kama tamoksifeni, ambavyo mgonjwa humeza kwa miaka, mara nyingi mitano. HER2 ikiwa positivu, nayo ina dawa yake. Zote tatu zikiwa negativu, vidonge vile vya homoni havitasaidia, na mara nyingi aina hiyo hukua haraka. Inatibiwa, kwa kemo na upasuaji, ila haitaki kusubiri. Na huonekana zaidi kwa wanawake wa asili ya Afrika na wenye umri mdogo. Kwa hiyo sio habari ya mama zetu tu, ni ya dada zetu pia.

Ndiyo maana nasema mgonjwa ajitetee mwenyewe, na aanze na swali dogo tu: negativu ya nini?

Najua sio rahisi. Mkimbizi amezoea kupewa na kushukuru, foleni ya mgao imetufundisha kunyamaza. Wengine wanaona kumuuliza daktari ni kumkosea heshima. Mimi naona daktari anayeulizwa vizuri hukaa akaeleza, na yule anayekasirika bado anadaiwa jibu.

Uliza pia walipima kwa njia gani. Sindano nyembamba huvuta seli chache tu; wakisema hawakuona kansa lakini uvimbe unaendelea kukua, rudi uombe kipimo cha kukata kinyama. Na kama kansa imeonekana lakini ile mistari mitatu iko wazi, uliza: kipimo kilifanyika, au bado? Nafasi tupu sio jibu.

Halafu karatasi yenyewe. Malawi kila mgonjwa anatembea na pasipoti yake ya afya, na hilo ni jambo zuri, kitabu ni chako. Lakini kinanyeshewa, kinaliwa na panya, mtoto anachora ng'ombe. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe, ina maabara ya patholojia tangu 2011, kwa hiyo majibu kama haya hayahitaji kutoka Ulaya. Yasipoeleweka, kuna pa kurudi kuuliza.

Kwetu sisi vijana tunaotafsiri: Kichewa chetu ni cha sokoni, bei ya nyanya na nauli ya minibasi. Neno usilolijua, sema hulijui, mwombe nesi arudie. Na usilainishe. "Kidonda kidogo" sio tafsiri ya kansa. Mama akisikia kidonda kidogo, atasubiri mahindi yavunwe kwanza ndipo arudi hospitali, na hatakuwa na kosa.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa nawaomba kitu. Mtoto wa miaka 13 asipewe kazi ya kumwambia mama yake kwamba ana kansa, hata kama ndiye pekee nyumbani anayejua Kiingereza. Rufaa ikiandikwa, kutoka zahanati ya kambi kwenda Dowa, na kutoka Dowa kwenda Lilongwe, kiti cha mkalimani kihesabiwe pamoja na cha mgonjwa. Na kama mgonjwa anataka mwanamke wa kumtafsiria, apewe mwanamke.